Siku ya Arobaini na Moja

Wenzangu wa wodi ya watoto mliniaga kwa doti mbili za kanga, saa ya ukutani na hotuba ndefu, kisha mkaniomba niandike machache ya kazini ili wanaoanza wapate pa kushika. Kanga nimeshazivaa. Saa inakwenda mbele dakika kumi, nadhani aliyeinunua ni yule yule ambaye kila siku alikuwa akitoka kazini mapema. Hayo machache ndiyo haya. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini akaulize masjala.

Nilianza kazi katika kituo cha afya cha shamba ambacho sitakitaja, maana wengine waliokuwepo bado wako hai na wana masikio. Siku ya kwanza nilivaa sare niliyoipiga pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe. Mkubwa wangu alikuwa Bi Zuwena, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mikono ya joto hata wakati wa kipupwe. Hakunionesha dawa wala madaftari. Alinikalisha kwenye benchi la kliniki akanipakatisha watoto mmoja baada ya mmoja, asubuhi nzima, na kazi yangu ikawa kugusa utosi tu, pale juu ya kichwa ambapo mfupa haujafunga.

"Ukibonyea, mwana kakaukiwa maji," alinambia. "Ukijaa na homa hana, ana jambo kichwani. Kwanza mkono, mdomo baadaye. Mdomo wa mama mkwe utakudanganya, utosi haudanganyi."

Kwa hivyo utosi niliujua mapema. Tatizo langu lilikuwa adabu. Kwetu Pemba mtoto mchanga anakuja kliniki na kofia ya sufu hata jua la saa saba mchana, hirizi shingoni, wanja kwenye nyusi na doa kubwa jeusi kwenye paji la uso ili jicho baya likiangukie hapo lisimfike mwenyewe. Muuguzi aliyelelewa vizuri havui kofia ile bila kuombwa, na wanja haufuti kabisa. Kuufuta ni kama kusema hakuna hasidi hapa, na nani anajua? Mimi nililelewa vizuri sana.

Mwaka wangu wa pili aliletwa mtoto wa kike wa miezi miwili hivi. Alikuwa amelegea, katapika, na mkono mmoja ulikuwa ukicheza wenyewe. Homa hana. Tulimpima damu, malaria hakuna. Mama yake alikuwa akilia tu, na maswali yote yakawa yanajibiwa na bibi yake mzaa baba. "Dege hilo," alisema, na kila mtu kwenye benchi akaitikia. Wasiotoka pwani nawaeleza: dege ni ndege asiyeonekana, akipita juu ya nyumba kivuli chake kikamwangukia mtoto, mtoto hukakamaa na kutikisika. Bi Zuwena aliingiza vidole chini ya kofia, akagusa, akanitazama. Nikagusa na mimi. Utosi ulikuwa umejaa.

Tulijua kuna jambo, hatukujua ni jambo gani. Tulimpa dawa ya kutuliza mtukutiko na barua ya kwenda hospitali, lakini wenyewe wakaona wampitishe kwa mganga kwanza. Siku ya tatu walimrejesha kituoni kwetu, na alikuwa ameshakufa. Bi Zuwena ndiye aliyempangusa uso kabla ya kumfunika. Lile doa la wanja lilipotoka, chini yake, karibu na panja, palikuwa na alama imeanza kugeuka kijani. Bibi yake akasema dege lilimpiga kwa bawa. Daftarini tuliandika "degedege", na mwandiko ni wangu.

Ikapita miaka mingi kabla sijajua nilichokiona. Tulikuwa Chake Chake kwenye mafunzo, ukumbi umejaa, feni moja inazunguka kwa kujitolea. Daktari mmoja kutoka Unguja, kijana mpole wa sauti, alitueleza kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake haina nguvu. Mtu mzima akimshika mbavuni akamtikisa kwa hasira, ubongo unagonga huku na huku ndani na vishipa vya damu vinakatika. Mtoto hutapika, hulegea, hutukutika, pumzi zinamwenda kombo, utosi unajaa. Homa mara nyingi hana. Na nje anaweza asiwe na hata mkwaruzo. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nikaenda kwenye bomba la uani nikalia, kwa sababu alikuwa akimsema yule mtoto wa mwaka wangu wa pili kazini kana kwamba naye alikuwapo. Niliporudi walikuwa wanagawa pilau, na nasikitika kusema nililila lote.

Baada ya hapo nilimwandama yule daktari mpaka akanipa karatasi zake zote. Ndiyo nikawa mwalimu, kwanza wa wauguzi wa zamu yangu, kisha wa vituo vya shamba, kisha wa yeyote aliyekubali kukaa: wakunga wa jadi, walimu wa madrasa, masheha wanaosimamia mitaa, maaskari wa dawati la wanawake na watoto. Kufundishia tuliahidiwa mwanasesere wa kisasa. Huyo bado yuko njiani. Nikashona wangu, mwili wa kitambaa uliojazwa makumbi ya nazi, shingo ya soksi, na kichwa nikakifanya cha nazi, maana nilitaka watu wahisi uzito. Nilimpa kila mwanafunzi amshike mbavuni amtikise mara tatu tu. Ile nazi ilivyokuwa ikienda mbele na nyuma, hakuna aliyecheka mara ya pili. Siku moja bandarini Mkoani mchukuzi alitaka kunibebea mfuko, ukafunguka, akamwona mtoto wa kitambaa mwenye kichwa cha nazi. Aliuweka chini taratibu, akasoma alichosoma, akaenda zake. Sikumlaumu, najua Wapemba tunavyosemwa kwa uchawi huko ng'ambo.

Somo lenyewe nililifupisha liwe la kukaririka: vua kofia, futa wanja, inua fulana. Mtoto asiyetambaa hajigongi, kwa hiyo alama yoyote mwilini mwake iulizwe. Ukiuliza, usianze na "nani kafanya", maana utajibiwa na ukuta. Uliza mtoto kalia siku ngapi, na mama yuko na nani nyumbani. Na mwambieni kila mzazi, kabla ya jambo kutokea, kwamba mtoto akilia mpaka akili inataka kukutoka, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite mtu. Kilio hakiui mtoto.

Walikuwepo waliozidisha. Mwanafunzi wangu mmoja, Mwanakombo, msichana mwenye bidii ya kutisha, aliripoti mtoto mwenye mabaka ya buluu makalioni. Yalikuwa mabaka ya kuzaliwa, wanayo watoto wetu wengi na huondoka yenyewe. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi bibi wa mtoto, nikapewa kahawa chungu na maneno machungu zaidi. Mafunzo yaliyofuata nilikisimulia kisa hicho mbele ya darasa, na Mwanakombo akiwa amekaa mstari wa mbele. Watu walicheka sana. Leo nisingekisimulia.

Lakini kizito kuliko yote kilikuwa sitara. Kila mafunzo atainuka mtu, mara nyingi sheha, aulize kwa heshima zote, "Bi Raya, si tumeamrishwa kumsitiri mwenzetu? Mambo ya nyumba ya mtu tuyatoe nje?" Si swali la kipumbavu. Kisiwa hiki kidogo, muuguzi ni binamu wa mgonjwa, askari kaoa kwa sheha, na kesho wote mko harusi moja. Mimi nilikuwa nikijibu kwamba sitara ni nguo, na mtoto ndiye aliye uchi. Darasani jibu hilo lilikuwa linapendeza sana.

Sasa nifike kwenye jambo nililoligundua mwenyewe, ambalo nilijivunia. Nilikuwa nanakili daftari kuukuu la wodi, nikaona watoto niliowashuku wana umri unaofanana. Wiki ya sita, ya saba, ya nane. Sikupiga hesabu za kitaalamu, nilikaa tu nikafikiri. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na wenye mikono ya kuogesha, nyumba imejaa shangazi mpaka hakuna pa kuweka kiti. Siku ya arobaini mtoto hunyolewa, watu hula, na jioni yake kila mtu hukunja mkeka wake akaenda kwake. Na vitabu vinasema ni majuma hayo hayo ndipo mtoto hulia kuliko wakati wowote. Yaani tunamwacha mama peke yake siku ile ile kazi inapoanza.

Nikaliongeza kwenye somo. Niliwaambia wakunga na masheha: msihame wote siku ya arobaini, pangianeni zamu, mmoja abaki hadi mtoto afikishe miezi mitatu minne. Wakunga walilielewa upesi kuliko wauguzi. Mmoja wao alinambia, "Haya tuliyajua, ila hatukujua kama tunayajua."

Mwanangu Salma alijifungua mtoto wake wa kwanza, Haitham, huko Wawi. Kwa desturi angekuja kuzalia kwangu Chake Chake, lakini nyumba yangu ilikuwa imeezuliwa mabati, basi nikahamia mimi kwake. Mumewe anafanya biashara Unguja na huja akipata nafasi. Nilimwogesha yule mtoto kila siku kwa siku arobaini. Hakuna kunyanzi la mwili wake nisilolijua. Na niseme kweli, mimi na Salma hatukai vizuri chumba kimoja. Mimi nasahihisha. Namna anavyokunja nepi, namna anavyonyonyesha, chumvi ya mchuzi. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula, alinambia, "Nenda mama, nshapona. Mafunzo yako yanakungoja." Yalikuwa yananingoja kweli, Mkoani, wauguzi wapya na masheha wa wilaya, na somo lenyewe ni hilo la siku arobaini. Siku ya arobaini na moja asubuhi nikapanda gari. Nilijiambia kwamba mtoto wa muuguzi hahitaji kufundishwa. Mganga hajigangi, wamesema wazee, na wakasahau kuongeza kwamba hata wanawe hawagangi.

Siku ya tisa ya mafunzo, wakati wa chai, simu ikalia. Alikuwa jirani yake Salma. "Bi Raya, mwana kashikwa na dege. Wapo hospitali."

Nilifika wodini na mfuko wangu begani, mwanasesere ndani yake. Salma alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho yamemzama, kamlaza Haitham mapajani. Mtoto kalegea, mdomo una rangi ya majivu, mkono wa kulia unacheza. Aliyekuwa zamu ni Mwanakombo, na alikuwa ndiyo kwanza awapokee.

"Dege hilo," nikasema.

Niliyasema mimi. Hakuna aliyeniuliza.

"Homa hana, Bi Raya," alisema Mwanakombo.

"Itakuja."

"Daktari nishamwita. Miye namvua kofia."

"Ana mafua, mwache na kofia yake."

Aliivua. Akagusa utosi. Akachovya pamba akafuta wanja wote, paji na nyusi, na chini yake palikuwa safi. Nikamwambia, "Umeona?" kama mtu aliyeshinda kesi. Ndipo akainua fulana. Ubavuni kulia na kushoto palikuwa na alama ndogo za mviringo, rangi ya zambarau mbivu, zimepangana kama vidole vinavyopangana.

Nilizijua ni nini kabla sijamaliza kuzitazama. Na nikasema, "Hayo mabaka ya kuzaliwa. Ulishakosea mara moja mbele ya watu, usikosee tena."

Katika maneno yote niliyosema kwenye kazi yangu, hayo ndiyo ninayoyaonea haya. Mwanakombo aliinama. Nilidhani nimemuweza. Kisha akanyoosha mgongo.

"Bi Raya, utupishe kidogo."

"Mimi bibi yake."

"Ndiyo sababu."

Nilikaa kwenye benchi la nje, pale ambapo miaka yote nimewakalisha wengine. Yaliyosemwa ndani nilikuja kuambiwa na Salma mwenyewe. Mwanakombo hakumuuliza nani kafanya. Alimuuliza, "Kalia siku ngapi?" Salma akasema wiki nzima, mchana na usiku, hanyonyi halali. "Na nani alikuwa nawe?" Salma akasema, hakuna mtu. Kisha akasema, "Nilimtikisa. Nilitaka anyamaze tu. Akanyamaza." Mwanakombo alimshika mkono, akaandika yote, na hakuacha hata neno.

Jioni hiyo hiyo Haitham alipelekwa Unguja kwa ndege ndogo. Picha ya kichwa ilionesha damu juu ya ubongo. Alikaa huko majuma, na kwa siku nne za mwanzo nilikuwa nikisali bila kujua naomba nini, maana kila nikiomba apone nilikuwa nakumbuka mtoto mwingine, aliyeandikwa kwa mkono wangu.

Faili lilikwenda dawati na ustawi wa jamii, kama nilivyofundisha liende. Kabla sijaitwa kuhojiwa walikuja nyumbani wakwe zake Salma wawili na sheha, sheha niliyemfundisha. Walikuja kwa upole, wakala tambi, ndipo wakaanza. Mama ni mama, walisema. Kijana wetu hajashtaki. Wewe unajulikana, ukisema ni mabaka ya kuzaliwa nani atabisha? "Sitara, Bi Raya," alisema sheha, na hakuwa ananikejeli. Niliyatafuta yale maneno yangu mazuri ya darasani kuhusu nguo na uchi, sikuyapata. Nilichotaka ni kukubali. Nilimtaka mwanangu asikae mbele ya askari, nilitaka watu wa Wawi wasimnyooshee kidole, na mimi pia, tusidanganyane, nilitaka jina langu.

Nilisema nitafikiri. Asubuhi nilikwenda dawatini na Salma kando yangu, maana nilimwambia njiani nitakalosema na yeye akanambia, "Sema, mama." Askari akauliza kama mtoto alizaliwa na alama mwilini. Nilisema, "Nimemwogesha siku arobaini. Hakuwa na alama hata moja." Akauliza kama nilisema vingine wodini. Nilisema ndiyo, nilisema uongo, na muuguzi aliyekuwepo alifanya sawasawa. Nikamtaka aliandike hilo na jina la Mwanakombo kwa ukamilifu.

Salma hakufungwa. Kwa mwaka mzima alikaa na mtoto nyumbani kwa wifi yake, ustawi wakija kutazama bila taarifa, na hakuachwa naye peke yake hata kwenda kisimani. Wapo waliomnyooshea kidole, na wapo wanawake waliomjia mmoja mmoja, kanga usoni, kumwambia walifika ukingoni na wao. Haitham yuko hai. Jicho la kulia linaona kidogo, alichelewa kutembea, na mguu wake mmoja huburuzika akichoka. Ni mtundu na anapenda sana urojo. Hayo ni mazuri, lakini mguu unaburuzika, na sitaki mtu yeyote asome hapa akadhani nasimulia hadithi ya kheri.

Mwanakombo sasa ndiye anayefundisha. Nimemwachia mwanasesere, keshambadilisha nazi mara mbili. Kisa cha Bi Raya nimemruhusu akisimulie darasani kwa jina langu, na akifika pale pa mabaka ya kuzaliwa asiruke. Naambiwa hapo hawacheki.

Mlinisihi nichukue mkataba wa miaka miwili zaidi, na nilipokataa mkanuna. Sababu sikuisema, nikasingizia magoti. Sababu ni kwamba Salma ana mimba, imeingia mwezi wa nane. Juzi nilikwenda Wawi na mkeka wangu na kapu, nikavitua ukumbini. Alivitazama, akauliza, "Mama, safari hii utakaa mpaka lini?"

"Mpaka unichoke," nikamwambia.

Alikuwa anamkunjia Haitham nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hata siku ile nilikuwa nshakuchoka, mama," akasema. "Ungelikaa tu."